Mpaka Uliohama Saa Tisa Mchana

Josepha Kasmir alizaliwa Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, katika chumba cha nyuma ya duka la mashuka la baba yake, na alijifunza kutembea huku ameshikilia marobota. Watu wa mtaa walijua tu kwamba atakuwa mfanyabiashara kama wazazi wake, Wachaga wa Rombo waliokuja mjini vijana na kuuza mashuka barazani kabla hawajapata duka. Yeye akaenda kusomea upimaji wa ardhi. Alipofikisha miaka thelathini na mitatu alikuwa ameshapima mashamba ya korosho, viwanja vya Bagamoyo, na kisima kimoja kilichokuwa na wenyewe watatu, wote wakali. Baba yake, Mzee Kasmir, alimpenda kupita kiasi, ila kazi yake hakuielewa. Mteja akimwuliza binti anafanya nini siku hizi, alijibu, "Yuko kwenye mambo ya vijiti."

Mwaka 2024 Mzee Kasmir alibomoa ile nyumba ya zamani ili ajenge ghorofa sita. Upande wa kushoto wa kiwanja lilikuwepo duka la sufuria la Tulsidas, Mhindi mwenye miaka sabini na moja, aliyezaliwa mtaa huohuo kama baba yake. Wazee hawa walikuwa majirani kwa miaka thelathini na mitano. Tulsidas alimwita mwenzake Mangi, yaani chifu kwa Kichaga, Kasmir naye akamwita Bhai, yaani kaka kwa Kihindi, na kila asubuhi walikunywa chai pamoja kwa Mwanne, mama aliyeweka jiko lake na benchi lake katikati ya milango yao miwili.

Mhandisi wa jengo alitaka jambo moja kabla ya kuchimba msingi: aonyeshwe mpaka. Ramani ya zamani ilionyesha bikoni kwenye kona ya mbele, yaani chuma kilichosimikwa ndani ya zege mahali viwanja viwili vinapokutana. Lakini barabara ilishaongezwa kifusi mara kadhaa, baraza zikamwagiwa zege juu ya zege, na hakuna aliyekumbuka chuma kilikuwa wapi. Kila aliyeulizwa alionyesha pake, kwa kidole na kwa uhakika.

"Apime Josepha," Tulsidas alisema.

Mtu mmoja kwenye benchi la Mwanne akacheka, akamwita Tulsidas kwa jina la mtoto wake kama wote mtaani. "Baba Tushar, huyo si binti wa mwenye kiwanja?"

"Najua ni binti wa nani. Alipokuwa mdogo akivunja sahani dukani kwangu, alikuja kuniambia mwenyewe kabla sijaona. Apime yeye."

Josepha aliwaeleza kwamba hawezi kutia sahihi kwenye karatasi za baba yake. Mwenzake wa ofisini, Vitalis, ndiye atakayesaini. Lakini kutafuta bikoni alikubali. Tatizo, wiki ile Vitalis alikuwa na kile chombo kizuri cha ofisi huko Mkuranga, na mafundi wa Mzee Kasmir walikuwa wameshakaa siku mbili wakicheza bao. Baba akawa anapiga simu kila baada ya saa moja. "Jose, mama, hata hicho cha zamani si kinapima?"

Kilipima, kweli. Kilikuwa chombo cha kupokea ishara za setilaiti, kikiwa juu ya fimbo ndefu, kikisaidiwa na mwenzake aliyefungwa juu ya paa la ofisi kule Tegeta. Josepha alijua kwamba kina uzee wake. Akaenda nacho Narung'ombe Alhamisi ya kwanza ya Oktoba, saa nane na nusu mchana, jua likiwa kali kiasi kwamba wapagazi walikuwa wamejilaza chini ya mikokoteni yao.

Aliingiza namba za bikoni kutoka kwenye ramani, na chombo kikamwongoza: kulia kidogo, mbele, kushoto. Mara ya kwanza kilimsimamisha pembeni ya baraza la Tulsidas. Baada ya nusu saa akarudia, kikamwingiza zaidi. Saa tisa na ushei alijaribu mara ya tatu, akajikuta amesimama juu ya baraza lenyewe, sentimita hamsini na nne kupita mstari wa ukuta wa jirani. Kuchimba hapo haikuwezekana; chini kulikuwa na zege la duka. Baba yake alikuwa amemsimamia begani, anapumua kwa nguvu.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo chombo kinasema ni hapa," Josepha alisema. "Lakini baba, hakijatulia. Ngoja kwanza."

Mzee Kasmir hakusikia sentensi ya pili. Alishageuka. Kabla ya saa kumi mtaa mzima, kuanzia wauza vitenge hadi wauza betri, ulijua kwamba ukuta wa Tulsidas uko ndani ya kiwanja cha Mangi kwa zaidi ya nusu mita. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyeokota kitu chake mfukoni mwa koti la zamani, na alimcheka Bhai kwa sauti kubwa, akitegemea kwamba Bhai naye atacheka.

Tulsidas hakucheka. Aliingia dukani. Josepha alipopita kuaga alimkuta anateremsha sufuria kutoka kwenye rafu ya ukutani, moja moja, anazipanga sakafuni. Mkewe, Geeta, alikuwa anazifunga kwa magazeti.

"Shikamoo, Baba Tushar. Unafanya nini?"

"Marahaba, Jose. Nahamisha. Jumatatu nitaleta fundi avunje ukuta." Alifuta vumbi kwenye mfuniko kwa kiganja. "Miaka yote hii nimelala ndani ya ardhi ya jirani, na yeye ananinunulia chai. Aibu gani hii?"

"Sijamaliza kupima."

"Umepima. Nimekuona."

Josepha alirudi nyumbani na maneno hayo kichwani. Mzee yule hakubisha hata kidogo, na kule kutobisha ndiko kulikomnyima raha. Angebisha, Josepha naye angepata la kujitetea. Usiku ule hakula ugali wake hata nusu, na mama yake, Severa, akamwekea kiporo.

Ijumaa asubuhi alikwenda Gerezani kutafuta skurubu ya kukazia fimbo ya chombo. Huko, nyuma ya maduka ya vipuri, kulikuwa na karakana ya Fundi Robert, mtu mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani. Alitengeneza redio za upepo, zile za kuongea na watu wa mbali bila waya: za malori, za mashua kubwa na za misheni za mbali bara. Alimkuta Robert akilaumu redio moja kubwa ya kijani iliyokuwa mezani.

"Mambo, fundi? Leo umenuna."

"Poa tu, dada. Hii ni ya watu wa Kigoma. Nimeitengeneza vizuri kabisa, jana mchana nikawa naongea nao, tunasikilizana kama tuko chumba kimoja. Mara kimya! Kama mtu amefunika sufuria. Nikafungua redio nzima, nikaikagua waya kwa waya, hamna kitu. Baada ya saa nzima ikarudi yenyewe. Wakati narudisha skurubu ya mwisho!"

Josepha alikuwa ameshika skurubu yake mkononi. "Jana saa ngapi?"

"Saa tisa na kitu. Mchana."

"Saa tisa na kitu," Josepha alirudia, na Robert akamwona anakaa taratibu juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Kwani vipi?"

"Fundi, redio yako haikuwa na ugonjwa. Jua ndilo lililolipuka."

Robert alikuwa mtu wa redio kwa miaka thelathini, akaelewa papo hapo. Alipiga paja. Masafa mafupi, alikumbusha kana kwamba anajifundisha mwenyewe, hayaendi Kigoma kwa kutambaa ardhini. Yanapaa juu, yanagonga ionosfia, lile tabaka la hewa iliyochomwa na jua mpaka ikashika umeme, halafu yanarudi chini mbali huko. Jua likitema moto wa ghafla, sehemu ya chini ya tabaka hilo inanenepa na kuyameza mawimbi badala ya kuyaacha yapite. Upande wote wa dunia wenye mchana unakuwa kiziwi mpaka hali itulie.

"Na mwaka huu jua limechachamaa," alisema. "Kila baada ya miaka kama kumi na mmoja linakuwa hivi. Mimi na akili zangu nafungua redio!"

"Na mimi na akili zangu napima kiwanja cha baba!" Josepha alisema, na wote wawili wakaanza kucheka, yeye akicheka zaidi, kwa sababu ukuta wa Tulsidas ulikuwa bado umesimama.

Lakini kucheka si ushahidi. Huenda yale maghorofa ya Narung'ombe ndiyo yaliyorudisha ishara na kuchanganya chombo. Kwa hiyo mchana uleule wa Ijumaa, saa nane, alikibeba chombo kilekile hadi uwanja wa wazi upande wa Mnazi Mmoja, kwenye alama ya upimaji ambayo namba zake zinajulikana, mahali pasipo na jengo la kuzuia anga. Akakisimamisha juu yake na kusubiri. Chombo kilimwambia kwamba alama ile imehama karibu sentimita arobaini. Baadaye ikahama tena, upande mwingine. Jiwe lenyewe la alama lilikuwa palepale, na kunguru amesimama juu ya uzio anamtazama. Josepha akampigia simu Vitalis.

"Rudi na chombo kizuri leo. Kesho alfajiri tunapima Kariakoo."

"Alfajiri? Jumamosi?"

"Kabla jua halijachoma anga. Nitakununulia supu."

Saa kumi na moja na nusu alfajiri walikuwa Narung'ombe. Kumbe hawakuwa peke yao. Josepha alikuwa amemwambia Tulsidas asivunje kitu mpaka atakapomwona, Tulsidas akamwambia Geeta, na huko Kariakoo ukimwambia mtu mmoja umeshatangaza. Wapagazi walikuwepo na mikokoteni yao mitupu. Wauza samaki waliotoka Feri walisimama na ndoo vichwani. Mzee Kasmir alikuja amevaa kandambili zisizofanana, Severa akiwa nyuma yake.

Vitalis alikifunga chombo kwenye fimbo. Josepha aliingiza namba zilezile. Safari hii chombo kilitulia mara moja, kama kuku aliyefika kwenye kiota. Kikamwondoa kwenye baraza la Tulsidas, kikamrudisha nyuma upande wa baba yake, hatua ndogo moja, kikamsimamisha mbele ya jiko la Mwanne. Alirudia mara tano. Mara tano zote fimbo ilitua mahali pamoja, padogo kiasi cha kufunikwa na kikombe.

"Da Mwanne," alisema, "samahani. Naomba usogeze jiko."

"Jiko langu? Miaka kumi na mmoja liko hapa!"

"Dakika kumi tu."

Lilisogezwa, na chai juu yake, na malalamiko juu ya chai. Mpagazi mmoja akaleta nyundo na tindo. Zege la juu lilipasuka kirahisi. Chini yake kulikuwa na mchanga, majivu, kijiko kimoja ambacho Mwanne alikitambua kwa kelele, na chini zaidi, karibu urefu wa mkono, tindo likalia sauti nyingine. Ting.

Josepha alipiga magoti, akafukua kwa vidole. Chuma kilikuwa kimeota kutu, kimesimama wima katikati ya kibonge cha zege la kizamani. Mtaa ukapiga kelele kama mpira umeingia golini. Vitalis alipima kwa utepe kutoka kwenye chuma hadi ukuta wa Tulsidas, akapima tena, akamwonyesha Josepha utepe.

Josepha alisimama, magoti yakiwa na majivu. "Baba Tushar, ukuta wako uko ndani ya kiwanja chako. Hukumwingilia mtu." Akamgeukia baba yake. "Baba, ukuta wa nyumba yetu ya zamani, ule tulioubomoa, ulikuwa umegusana na wake, kwa hiyo ndio uliokuwa kwenye kiwanja chake. Kwa sentimita tisa."

Mzee Kasmir aliinama, akakigusa chuma. Kisha akageuka na kuondoka haraka, kandambili zikipiga lami, akapotea kwenye kona. Severa akamfuata.

"Amekasirika," mtu alinong'ona.

Tulsidas hakuonekana kujali. Alikuwa amemshika Josepha mkono kwa mikono yake miwili. "Lakini nieleze, mama. Juzi chombo kilisema ndani kwangu. Leo kinasema kwa Mwanne. Chuma kimetembea?"

"Chuma hakijatembea. Njia ndiyo ilikuwa na foleni." Josepha alimtafuta mpagazi wa karibu. "Kaka, ukitoka Msimbazi na mkokoteni alfajiri kama hivi, unafika hapa kwa dakika ngapi?"

"Tano."

"Na saa nane mchana?"

"Aah, hiyo ni kumwomba Mungu."

"Umbali umeongezeka?"

"Umbali uleule. Watu ndio wamejaa."

"Sasa fikiri mimi nimefungwa macho, nakadiria umbali wa Msimbazi kwa muda wako tu. Mchana si nitasema Msimbazi imehamia Ubungo? Chombo hiki ndivyo kinavyofanya. Setilaiti iko juu sana, inatuma ishara, chombo kinahesabu muda wa ishara kushuka. Katikati kuna hilo tabaka, ionosfia. Mchana jua linalijaza, ishara inachelewa, chombo kinadhani setilaiti iko mbali zaidi. Siku nyingi chombo cha Tegeta kinasaidia kusahihisha. Lakini juzi anga la Tegeta na la hapa halikuwa sawa, na saa tisa jua lililipuka. Usiku tabaka hilo linapoa, foleni inapungua. Na hiki cha leo kinapokea mawimbi ya aina mbili kutoka setilaiti moja. Ni kama mikokoteni miwili imeondoka pamoja, mmoja mzito, mmoja mwepesi. Ukiona imepishana vipi kufika, unajua foleni ilikuwaje."

Mpagazi alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyegundua kwamba kazi yake ni sayansi. Dereva wa bodaboda akadakia.

"Kwa hiyo ile ramani ya simu inayonipeleka Keko wakati abiria yuko Kisutu, ni jua? Nikichelewa niseme ionosfia?"

"Yako ni maghorofa na simu iliyopasuka," Josepha alisema. "Jua usilisingizie."

Walikuwa bado wanacheka Mzee Kasmir aliporudi. Alikuwa amevaa koti la kanisani na viatu vyeusi. Mkononi alishika jani refu la kijani, limefungwa fundo katikati. Severa alikuja nyuma yake amekumbatia ndoo ya rangi yenye mmea mzima, ule aliokuwa ameuleta kutoka Rombo na kuuotesha kwenye veranda ya nyumba ya kupanga.

Watu walimpisha. Alisimama mbele ya Tulsidas, akamnyooshea jani kwa mikono miwili.

"Ni isale," Josepha alimwambia Tulsidas kwa sauti ya chini. "Kwetu mtu akikuletea jani hili anaomba msamaha. Na ukiletewa, hukatai."

"Mangi," Tulsidas alisema, "sentimita tisa tu!"

"Bhai, kwetu sentimita tisa ni mgomba mzima." Kasmir alisema. "Na si sentimita. Nilikutangaza mtaa mzima. Nilikucheka. Wewe ukaanza kushusha sufuria."

Tulsidas alilipokea jani, akaligusisha kwenye paji la uso wake kama mtu anavyopokea kitu kutoka hekaluni, akalitia mfukoni mwa shati, nusu ikichungulia nje. Halafu akamvuta Kasmir akamkumbatia kwa nguvu mpaka koti likapanda mabegani. Mwanne alianza kupiga vigelegele, wanawake wa samaki wakampokea, na ndoo moja ikamwagika barabarani bila mwenyewe kujali.

"Sasa geukeni," Kasmir alisema, sauti ikiwa kubwa kama ya Alhamisi. "Sikilizeni wote! Mimi Kasmir nilikosea! Ukuta wa Bhai uko sawa! Aliyenisikia juzi anisikie na leo, na aliyeko Mtaa wa Kongo apelekewe!"

"Na ndoo hii?" Severa aliuliza, mikono ikimwuma. "Kwetu isale hupandwa mpakani."

Geeta alishuka barazani, akaipokea. Aliiweka kwenye ukingo wa baraza lake, kando ya chungu cha tulsi, ule mrehani wao wa ibada, anachokimwagilia kila asubuhi, akarudi nyuma kuangalia kama imekaa sawa. "Hapa itapata jua," alisema. "Lakini si kali."

Saa mbili asubuhi ilimkuta Josepha kwenye benchi, chai mkononi, anakula vitafunwa vya dengu ambavyo Geeta alizidi kuvimimina kwenye sahani. Vitalis alipata supu yake na ya pili. Mhandisi alifika, akakuta kamba ya mpaka imeshavutwa na wazee wawili wenyewe, kila mmoja akishika upande wake na kumsihi mwenzake achukue zaidi. Ilibidi Josepha awanyang'anye.

Wiki iliyofuata watu wanne wa mtaa walimtafuta awapimie. Wote walitaka alfajiri. Yeye aliwaeleza kwamba kwa chombo kizuri hata mchana inawezekana, mradi mtu aangalie taarifa za jua kwanza, lakini hawakukubali; walisema wao wanataka ile ya ting. Akakubali. Jumanne saa kumi na moja alfajiri alitoka mlangoni, akakuta baba yake amesimama barabarani, koti la kanisani mwilini, sanduku la chombo begani, anaangalia juu.

"Twende," Mzee Kasmir alisema. "Bado kumepoa."